Mwanangu anajua kikombe kwangu tu, kwa shangazi yake anakosa. Tatizo liko wapi?

MamaKadogo (Goma), Jumapili usiku

Jambo yenu wana jukwaa. Niko Himbi. Mwanangu ana miaka mitano, hapa nitamwita Kadogo. Ana usonji. Maneno anayotamka hayafiki kumi na tano, lakini anasikia mengi. Tangu mwezi wa kwanza ninamfundisha vitu vya nyumbani kwa njia ile ya uchambuzi tumizi wa tabia: naweka vitu viwili mezani, nataja kimoja, akikichukua anapata tuzo papo hapo. Tuzo yake ni kipande cha ndizi, kidogo kama ukucha, la sivyo anashiba kabla somo halijaisha.

Tuko kwenye kikombe na kijiko. Kwangu anapata tisa kati ya kumi, sibahatishi, naandika kila siku kwenye daftari. Leo shangazi yake alikuja baada ya misa, nikataka kujivuna kidogo. Akaketi kwenye kiti changu, akaweka vitu vile vile, akataja. Kadogo akachukua kijiko. Mara ya pili kijiko. Mara ya tatu akaangalia dari, kisha kijiko. Shangazi akasema, "Labda amechoka." Hakuwa amechoka. Alikuwa ameamka dakika ishirini tu.

Kituo kimoja alikopita miezi mitatu waliniambia mtoto ana kiburi, anajua ila hataki. Niliwalipa nikanyamaza. Leo nimeanza kujiuliza kama walisema kweli.

Kambista_Birere, Jumapili usiku

Mama, huyo mtoto ana akili. Ndizi ya shangazi haijui bado. Hata mie mteja mpya simpe bei ya mteja wa zamani 😂

Mwl_Nguba (Bukavu), Jumatatu asubuhi

Mama Kadogo, pole, na hongera kwa daftari, wazazi wengi hawaandiki kitu. Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu hapa Bukavu na kesi ya namna hii nimeiona mara nyingi. Kabla sijasema lolote nijibu kwanza. Kikombe unakiweka upande gani? Ukishataja neno, macho yako yanakwenda wapi, na mkono je? Shangazi alitaja neno lile lile unalotaja wewe?

Usijibu kwa kukumbuka. Egemeza simu kwenye kitu, ijirekodi, fanya mara kumi kama kawaida yako, kisha utazame.

Bukari_na_Samaki (Lubumbashi), Jumatatu asubuhi

Mimi si mwalimu, ni baba tu. Ila huku kwetu nyumbani hakuna anayesema "kikombe". Tunasema kopo. Shangazi alisemaje?

MamaKadogo, Jumatatu usiku

Yesu wangu. Kopo! Alisema "leta kopo". Na sasa nakumbuka kule kituoni walikuwa wanamwambia "tasse", kwa Kifaransa. Mtoto mmoja, kitu kimoja, majina matatu, halafu tunamwita mwenye kiburi.

Basi jioni hii nimemrudisha shangazi, aksanti yake, ametoka Majengo kwa pikipiki na mvua inanyesha. Akasema "kikombe" vizuri kabisa kama mimi. Kadogo kapata nne kati ya kumi. Kwa hiyo neno ni sehemu tu ya shida. Video nitatazama akilala.

Mwl_Nguba, Jumatatu usiku

Nne kati ya kumi kwa vitu viwili ni kubahatisha. Liweke hilo kichwani, maana vituo vingi vinawapumbaza wazazi hapo: mezani pakiwa na vitu viwili tu, hata mtoto aliyefumba macho atapata kama tano. Ukisikia "mtoto wako kafikisha sita kati ya kumi", uliza vilikuwa vitu vingapi.

MamaKadogo, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri

Nimetazama mara tatu. Nimeona aibu.

Kila nikisema "kikombe", kidevu changu kinakwenda kwenye kikombe. Wala si macho, ni kidevu. Nikisema "kijiko" kinakwenda kwenye kijiko. Ni kidogo sana, usiku ule nisingelijua bila kupunguza mwendo wa video. Na mara saba kati ya kumi kitu ninachokitaja kiko upande wa kulia, karibu na mkono ulioshika ndizi. Kadogo mezani hatazami hata kidogo. Anatazama uso wangu, anasubiri, kisha mkono wake unakwenda.

Baba yake naye katazama, akacheka: "Huyu hajasoma kikombe, amekusoma wewe."

Mwl_Nguba, Jumanne mchana

Mzee kasema vizuri kuliko nilivyotaka kusema mimi.

Kidevu kimewashinda wengi kabla yako. Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten, na farasi wake Hans. Ukimuuliza saba jumlisha tano, anagonga kwato mara kumi na mbili. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza, haikuona ulaghai, na kweli ulaghai haukuwapo, mzee mwenyewe aliamini. Halafu akaja Oskar Pfungst, akafanya mambo mawili mepesi: akaleta waulizaji wasiojua jibu, na akamziba farasi asimwone anayeuliza. Hans akapotea kabisa. Kumbe alikuwa anagonga mpaka aone kichwa cha muulizaji kinanyanyuka kidogo pale hesabu inapofika, ndipo anaacha. Pfungst alichapisha habari hiyo mwaka 1907, na mahali ninapopapenda mimi ni pale anapokiri kwamba hata yeye, siri yote akiijua, alishindwa kuzuia kichwa chake mwenyewe.

Sasa kwenye kazi yetu. Kubainisha kichocheo ni hivi: tabia inatokea mbele ya kitu fulani na haitokei mbele ya kingine, kwa sababu mbele ya kile cha kwanza huwa inalipa na mbele ya kingine hailipi. Chenye malipo tunakiita kichocheo bainishi. Hans alibainisha vizuri sana. Kadogo pia, tisa kati ya kumi, tena kwa kidevu ambacho wewe mwenyewe hukukiona. Mtoto wa kiburi hafanyi kazi ya namna hiyo. Amejifunza kile hasa kilichokuwa kinalipa mezani pako.

Na kazi uliyompa ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kikombe si jibu siku zote: ni jibu ukisema kikombe, si jibu ukisema kijiko. Lazima asikie neno, atazame vitu vyote, kisha neno liamue. Huo tunauita ubainishaji wenye masharti. Kukiwa na njia ya mkato, mtu yeyote ataifuata, hata mimi.

Kuziba njia za mkato: weka vitu vitatu badala ya viwili. Kabla ya somo andika kwenye karatasi kipi kitatajwa mara ya ngapi na kitakaa wapi, kushoto, katikati, kulia, ili mkono wako usichague wenyewe. Ndizi iwe mapajani, chini ya meza. Mwache kwanza avitazame vyote vitatu, ndipo utaje. Ukishataja, tazama kitu kisichokuwa mezani, msumari wa ukutani kwa mfano, na kidevu kikae juu ya ngumi yako.

Ataanguka vibaya siku za kwanza. Usiogope.

MoroMjini (Morogoro), Jumanne jioni

Naingilia kidogo, maana uzi huu unanihusu. Hapa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kazi yote ni hiyo hiyo ya kubainisha. Panya akikwaruza penye harufu ya baruti ya TNT anasikia mlio wa "klik" na kupata ndizi. Penye harufu nyingine, hata akwaruze mpaka kesho, hapati. Mafunzo ni kama miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Upande wa kifua kikuu, panya wanapita kwenye makohozi ya wagonjwa ambayo hakuna anayejua yana nini. Sasa utamlipa vipi? Ukimlipa kila akisimama, atajifunza kusimama popote. Kwa hiyo kati ya sampuli hizo wanachanganya chache ambazo maabara imeshathibitisha zina ugonjwa, na panya analipwa kwa hizo tu. Mwl wa Bukavu, naona ni ule ule wasiwasi wako: tuzo ikitoka mahali pasipostahili, somo limeharibika, na anayeliharibu ni mwalimu.

Mwl_Nguba, Jumanne usiku

@MoroMjini ndiyo hasa. Na mzazi akiwa na huruma ndiyo mbaya zaidi, anampa ndizi "kwa kujaribu". Mpe pole kwa kujaribu, mpe kumbatio, lakini ndizi ikae.

Kambista_Birere, Jumanne usiku

Basi hata sisi tuko panya buku. Mimi kazi yangu ni kubadilisha pesa, na mnajua dola hapa Goma. Noti ya 100 ikichanika pembeni kama punje ya mchele, mteja anaikataa, na mimi naikataa kwake. Kule Marekani kwenyewe mtu ananunulia mkate na benki haisemi kitu. Huku si pesa tena.

Nilivyojifunza: yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alikuwa ananipa bunda, ndani kaweka mbili tatu mbaya. Sikuruhusiwa kutazama kwanza. Kidole gumba kwanza, kwenye kola ya koti la yule mzee Franklin, pale pana mikwaruzo, karatasi ya kopi iko laini. Halafu kuinamisha, ile 100 ya pembeni chini inageuka toka rangi ya shaba kwenda kijani. Nikikosa, hasara ilikatwa kwenye chakula changu cha mchana. Nilijifunza kwa wiki mbili. Mwalimu wa Bukavu asinifuate mie kwa hilo la kukata chakula 😂

Jiwe_la_Volkano (Goma), Jumatano asubuhi

Nitakuwa mtu mbaya wa uzi huu. Mnafurahia panya, farasi, bunda la noti, na katikati yuko mtoto. Nimesoma watu wazima wenye usonji wakieleza njia hii ilivyowatesa. Kumfundisha mtoto kama mbwa wa mlinzi ndiyo maendeleo?

Mwl_Nguba, Jumatano mchana

Wewe si mtu mbaya. Ulichosoma kina ukweli na mimi sitakificha. Ole Ivar Lovaas, aliyeitangaza njia hii kwa watoto wenye usonji kule Los Angeles, katika miaka ya 1960 alitumia hata umeme kuadhibu. Utafiti wake wa mwaka 1987 ulisema watoto 9 kati ya 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki walifikia kiwango cha wenzao shuleni, na dunia nzima ikakimbilia hapo. Watoto hao hawakugawanywa katika makundi kwa kura, na kati ya zana zilizotumika kulikuwa na kukaripia na kofi la paja. Wanaouliza maswali wana haki.

Mimi ninachokichukua ni ule ufundi wa kutazama: mtoto akikosa, nauliza alikuwa anajibu nini. Simfundishi asirukeruke, simlazimishi anitazame machoni. Kadogo wa mama huyu angefundishwa kutazama macho zaidi, tungezidi kumharibia, maana uso wa mama ndio ulikuwa njia ya mkato! Dakika kumi, mtoto akisimama anaondoka, somo limekwisha. Saa 40 kwa wiki kwa mtoto wa miaka mitano mimi sizitaki, hata akija nani kunishawishi.

Jiwe_la_Volkano, Jumatano mchana

Hapo sawa. Nabaki na mashaka yangu, lakini nafuatilia.

MamaKadogo, Ijumaa usiku

Siku ya kwanza ya vitu vitatu (nimeongeza kitana): mbili kati ya kumi. Siku ya pili tatu. Alinitafuta uso mpaka akainama kunichungulia chini ya ngumi. Jana alilia, nikaacha. Nikasoma tena daftari, nikaona ni kama nimemfungia mlango mtoto aliyezoea kuingia.

Na kuna jambo lingine limenijia usiku. Baba yake ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Juzi Kadogo alitoka mbio barabarani kumkumbatia motari asiyemjua kabisa, kijana mwembamba, wakati baba yake ni mnene ana ndevu. Tukafanya jaribio. Baba akavua jile yake, kile kizibao cha kazi cha motari, akaja kwa miguu mpaka mlangoni. Mtoto alimpita kama mgeni. Akaivaa tena nje, akarudi. Kadogo akamrukia. Baba yake hakucheka safari hii.

Mwl_Nguba, Jumamosi asubuhi

Mwambie baba asiumie. Hili lilipimwa mwaka 1971 na Lovaas na wenzake: watoto walifundishwa kujibu mwanga, sauti na mguso vikija pamoja, kisha wakajaribiwa kimoja kimoja. Watoto wengi wenye usonji walikuwa wanajibu kimoja tu kati ya vitatu, vingine ni kama havikuwapo. Jile inang'aa, ina namba, ipo kila siku. Imemeza ndevu, sauti na harufu. Dawa yake ni kazi ya nyumbani: baba aje bila jile akiwa ameshika kile anachokipenda mtoto, na motari mwingine mnayemwamini apite na jile yake bila kitu. Jile isilipe, ndevu zilipe.

Kuhusu kilio: uliondoa msaada wote kwa siku moja, kosa ni langu, sikukwambia. Mwaka 1963 Herbert Terrace alifundisha njiwa kubainisha taa nyekundu na kijani karibu bila kosa, kwa kuanza na ile isiyolipa ikiwa hafifu na ya muda mfupi, kisha akaiongeza polepole. Fanya hivyo. Kikombe kikae karibu na mkono wa Kadogo, kijiko na kitana mbali, karibu na wewe. Ukitaja kijiko, kijiko ndicho kiwe karibu. Akipata mara kadhaa mfululizo, punguza tofauti kwa upana wa kidole. Huo ni msaada kama kidevu chako, ila huu unaujua na unajua utauondoa lini.

Na uma usiulete bado. Kwa Pavlov mbwa alilishwa akiona duara na hakulishwa akiona duara lililobanwa kama yai. Wakalisogeza yai karibu na duara hatua kwa hatua, na tofauti ilipobaki 9 kwa 8 mbwa akaanza kulia, kujipinda na kung'ata vyombo, na hata yale aliyokuwa anayajua yakampotea. Kijiko na uma kwa Kadogo ni 9 kwa 8.

Bukari_na_Samaki, Jumamosi mchana

Na kopo? Atajifunza lini?

Mwl_Nguba, Jumamosi mchana

Kikombe kikikaa, kopo atalipata upesi, ni neno jipya kwa kitu anachokijua. Ila vikombe viwe vingi: cha bati, cha plastiki, chenye sikio na kisicho na sikio. Asije akadhani kikombe ni ile rangi ya bluu.

MamaKadogo, wiki mbili baadaye

Narudi. Vidole vimekwisha, vitu vitatu viko mstari mmoja: nane kati ya kumi, kidevu juu ya ngumi. Baba bila jile: jana alikimbiliwa mara mbili kati ya nne.

Nina swali la hofu kuliko yote. Babula, jiko letu la makaa. Makaa yakifunikwa na majivu Kadogo hawezi kujua kama yana moto. Nimfundishe vipi kubainisha babula la moto na lililopoa?

Mwl_Nguba, jioni hiyo

Usimfundishe, mama. Hapa hatutaki abainishe, tunataka kinyume chake: kila babula, la kwenu na la jirani, lenye majivu na lenye mwali, aliweke kwenye fungu moja la kukaa mbali. Chora duara la chaki sakafuni, mlipe akisimama nje yake, na wewe mwenyewe usilivuke bila sababu hata likiwa limepoa wiki nzima.

Jiwe_la_Volkano, usiku huo

Nilisema nafuatilia. Hiyo ya babula sisi tuliozaliwa karibu na ziwa tunaijua kwa mazuku, ile hewa ya sumu. Hewa ile haina rangi wala harufu, inalala kwenye mabonde, na asubuhi pasipo upepo ndiyo hatari. Bibi yangu hakutufundisha kuitambua maana haitambuliki. Alituonyesha wadudu na ndege waliokufa mahali pamoja, akatutajia mashimo yote ya mtaa, siku ya upepo na isiyo ya upepo, usishuke. Mpaka leo nina miaka arobaini, siwezi kushuka kwenye shimo lile hata nikiona mbuzi wanakula ndani yake.

MamaKadogo, Jumapili iliyofuata

Chaki nimechora. Mvua imevuja ikaifuta, nimechora tena.

Shangazi alikuja leo. Hakuketi kwenye kiti changu, alikuwa amesimama mlangoni anavua viatu, mimi niko jikoni nimegeuka. Akasema tu, kwa mazoea yake, "Kadogo, niletee kopo." Nikasikia miguu. Akamletea. Kilikuwa kile cha bati, cha baba yake, ambacho hatujawahi kukiweka mezani, na ndani kulikuwa na uji wa mdogo wake. Ameumwaga wote njiani, kuanzia sebuleni mpaka kwenye viatu vya shangazi.

Ndizi hazikuwapo nyumbani. Shangazi kampa sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Kambista_Birere, Jumapili

Uji nani anapanguza?

MamaKadogo, Jumapili

Shangazi. Ndiye aliyeagiza.